Sindano, Fuaye na Lugha ya Mji: Siku Nne za Mshono Musaga

Katika likizo ya Pasaka tulipata nafasi ya kukaa siku nne Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, tukihudhuria kambi ya mshono iliyoandaliwa na akina mama wa mtaa katika ukumbi mmoja wa kanisa. Hatukwenda kwa kuwa sisi ni mafundi. Tulikwenda na daftari, kwa nia ya kukusanya maneno ya kazi ya sindano, maana kwa muda mrefu tumeona haya kuwafundisha wanafunzi wetu habari za mavazi kwa maneno matano tu: nguo, shati, suruali, gauni na kofia. Lakini mwenyeji wetu hakukubali tukae kando na kalamu. Alitukabidhi kipande cha kitambaa cheupe, sindano na uzi mwekundu, akasema kwamba ukumbini hamna viti vya watazamaji.

Wanaoijua Bujumbura wanaijua Musaga. Mtaa huo umekaa juu ya mteremko, mahali ambapo barabara iendayo Ijenda na Matana huanza kuupanda mlima na kuliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake. Zamani ulikuwa wilaya peke yake, hata mwaka 2014 ulipounganishwa na Kanyosha na Kinindo kuwa wilaya ya Muha. Wageni wengi husikia jina la Musaga kwa mambo mawili, nayo yote mawili si ya furaha: gereza la Mpimba, na maandamano ya mwaka 2015 ambayo yaliwagharimu wakazi wake wengi. Kwa hiyo ukumbi uliojaa wanawake wanaoinamia vitambaa, wengine wakiwa majirani ambao miaka kumi iliyopita hawakusalimiana, haukuwa jambo dogo machoni petu. Hata hivyo si jambo hilo lililotushika zaidi, bali lugha.

Asubuhi yalifundishwa mapindo na kutia viraka, na alasiri darizi. Mazungumzo ya meza zote yalikuwa ya Kirundi: watoto, bei ya mafuta ya mawese, mvua iliyobomoa ukuta wa mtu. Lakini kila mwalimu wa meza alipoigusa kazi yenyewe, alihamia Kiswahili bila kujua kwamba amehama. Tunga uzi. Piga bandi kwanza, ndipo ushone. Rudisha sindano nyuma. Kaza, usivute. Mambo ya kuchora na kupima yalisemwa kwa Kifaransa kilichovikwa matamshi ya mjini, kwa mfano patroni na broderi. Tukaandika: Kirundi cha maisha, Kiswahili cha sindano, Kifaransa cha karatasi. Mgawanyo huo haukutokea kwa bahati. Una historia, na historia hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia walimu wenzetu, kwani ni sehemu ya historia ya Kiswahili nchini Burundi ambayo vitabu vyetu vya shule haviigusi.

Kabla ya sindano ya chuma, Warundi walivaa impuzu, yaani nguo ya gome la mti, iliyopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka ikalainika. Nguo ya kufumwa ililetwa na misafara. Ujiji, ng'ambo ya kusini-mashariki ya ziwa, ulikuwa tayari mji wa biashara Burton na Speke walipofika mwaka 1858, wakaendelea kwa mitumbwi hadi Uvira, ambao unatazamana na mahali Bujumbura ilipo leo. Mzigo mkubwa wa misafara hiyo ulikuwa nguo: kaniki, na merikani iliyofumwa Marekani ikauzwa Unguja kwa majora. Kitambaa kilipimwa kwa mikono na dhiraa, kikalipia hongo, chakula na ujira wa wapagazi. Na msafara uliobeba nguo ulibeba pia lugha ya kuiuzia, hata maneno yenyewe yakabaki na alama za njia zilizopitiwa. Sindano, uzi na pindo ni ya Kibantu, na pindo limetoka wazi katika kupinda. Mkasi na tarizi asili yake ni Kiarabu. Cherehani limekuja kwa njia ya Kiajemi, ambako charkh ni gurudumu. Leso ni la Wareno. Nani aseme kwamba kikapu cha fundi si kitabu cha historia?

Pwani yenyewe haikungoja mtu kuja kuifundisha mshono. Mafundi wa Siyu na Lamu walijulikana kwa kutarizi kanzu na majoho kwa hariri, na kazi hiyo iliheshimiwa kuwa ya wanaume. Kofia za vito za Unguja na Lamu, zile zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi moja moja, ziliweza kuchukua wiki nyingi mikononi mwa mshonaji, na wanawake wengi walizishona ndani ya nyumba zao na kuziuza kwa mkono wa mtu mwingine. Shule ya wasichana ya Mbweni huko Unguja, iliyowekwa na misheni ya Kiingereza kwa ajili ya wasichana waliookolewa utumwani, na ambayo Caroline Thackeray aliiongoza tangu mwaka 1877, iliwagawa wanafunzi wake: wachache walisoma ili wawe walimu, wengine wakapelekwa kazi za mikono, na kushona kukiwa mojawapo. Mgawanyo huo tutaukuta tena ziwani, miaka sabini baadaye, chini ya bendera nyingine.

Wabelgiji waliichukua Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na mwaka 1925 wakaiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo yao katika mambo ya utawala. Makao makuu yakawa Usumbura, jina la Bujumbura la siku hizo. Kwa watoto wa kiume walifungua mwaka 1929 shule ya Astrida, ambayo leo ni Butare huko Rwanda, ili wapatikane makarani, matabibu wasaidizi na watumishi wa utawala kwa nchi zote mbili. Kwa wasichana hapakuwa na Astrida. Walipofika miaka ya 1940, watawala wakagundua tatizo walilolizaa wenyewe: karani aliyesoma, anayevaa tai na kuandika Kifaransa safi, akirudi nyumbani alimkuta mke ambaye shule haikumjali kamwe. Badala ya kumfungulia mke mlango ule ule aliopitia mume, wakamfungulia mwingine, mfupi zaidi.

Mlango huo uliitwa foyer social, na watu wa mji wakauita fuaye. Zilikuwako kwanza katika miji ya Kongo. Ya Usumbura ilianza mwaka 1946 na ikaendeshwa chini ya wakoloni mpaka mwaka 1960. Wanawake wa mitaa ya Waafrika, yaani Buyenzi na mtaa ulioitwa Belge ambao leo ni Bwiza, walialikwa kuja kujifunza kushona, kutia viraka, kufuma kwa sindano ndefu, kupika, kufua, kupiga pasi na kulea watoto wachanga. Wakufunzi walikuwa wanawake wa Kizungu, wakisaidiwa na wasaidizi wa Kiafrika waliotoka miongoni mwa wanafunzi wenyewe. Wakufunzi walikwenda pia majumbani kukagua: kama kuna pazia dirishani, kama kitanda kimetandikwa, kama meza ina kitambaa. Nyumba zilishindanishwa, na iliyopendeza zaidi ikapewa zawadi. Tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo, upande wa Kongo, serikali ilianzisha mwaka 1948 kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika walioitwa walioendelea, na mwaka 1952 ikaweka daraja la juu zaidi ambalo mwombaji wake aliweza kuchunguzwa mpaka jikoni. Kitambaa cha meza kilichodariziwa maua hakikuwa pambo tupu. Kiliweza kuwa ushahidi katika kesi ya heshima ya mume.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Usumbura haukuwa mji wa Warundi peke yao. Buyenzi ilijaa watu wa Manyema, wa Ujiji, wa Uvira na wa ng'ambo nyingine za ziwa, wengi wao Waislamu, na lugha iliyowaunganisha sokoni, bandarini na uani ilikuwa Kiswahili. Mkufunzi yeyote aliyetaka kumwelekeza mwanamke wa mji huo namna ya kushika sindano alilazimika kupitia lugha hiyo. Sisi twaona kwamba fuaye, bila kukusudia, ilikuwa miongoni mwa madarasa ya Kiswahili ya mji: mwanamke kutoka vilimani aliyefika na Kirundi peke yake alijifunza pindo na Kiswahili cha pindo kwa wakati mmoja. Haikuandikwa katika ratiba yoyote, lakini masikio yetu yaliisikia Musaga baada ya miaka sitini na zaidi.

Kuna neno moja tu ambalo meza yetu ililisema kwa Kirundi daima, nalo ni urushinge, yaani sindano. Mama mmoja alitueleza sababu akicheka: urushinge ni la kushonea na pia ni la kuchomea, kama sindano yenyewe ilivyo kwa Kiswahili. Watoto wake wakisikia neno hilo hukimbia, hata kama mkononi ana uzi wa pamba tu.

Yatupasa tuwe waangalifu hapa, tusije tukaipamba fuaye kuliko ilivyokuwa. Utawala uliofundisha darizi ndio huo huo ulioweka kodi juu ya wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Katika karatasi za serikali waliitwa wanawake waishio peke yao kwa nadharia, maneno ambayo mwalimu yeyote wa sarufi atayashangaa. Lengo lilikuwa kuwabana wanawake walioonekana huru kupita kiasi, na kuwafichua wake wa pili na wa tatu katika ndoa ambazo Wabelgiji hawakuzitambua. Lakini nyavu hiyo ilivua kila samaki: mjane, aliyeachwa, mke wa Kiislamu aliyeolewa kwa shahidi na mahari mbele ya mtaa mzima, wote wakatiwa katika daftari moja na makahaba. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi walisimama wakaikataa kodi hiyo. Hoja yao haikuwa fedha peke yake, bali jina: hawakuridhia kuitwa wasichokuwa. Sisi walimu wa lugha, ambao kazi yetu ni majina ya vitu, tungepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka tukio hilo, lakini twakiri kwamba katika chuo cha ualimu hatukulisikia hata mara moja.

Burundi haikuwa peke yake. Kenya ilikuwa na Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa kwa hali ya hatari. Katika sehemu za Wakikuyu vikundi vyake vya kushona na vya usafi wa nyumba vilitumiwa na serikali kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau, na mwanachama aliweza kupata nafuu katika kazi za kulazimishwa ambazo jirani yake hakuipata. Sindano na bunduki zilifanya kazi ndani ya mpango mmoja. Hata hivyo chama hicho kiliudumu uhuru, kikawa cha wanawake wenyewe, na leo hakuna anayekiita cha wakoloni.

Jioni ya siku ya tatu tulieleza haya yote ukumbini, maana tuliombwa tuzungumze kidogo kabla ya chakula. Tulisema, kwa sauti tuliyoizoea darasani, kwamba fuaye ilikuwa gereza lenye mapazia. Vijana walipiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye umri wake umepita miaka themanini na ambaye siku zote tatu alikuwa akizifumua kazi zetu na kuturudishia tuanze upya, aliomba kusema. Akatuuliza kwanza kama mama yetu alijua kushona. Tukajibu kuwa alijua. Akauliza ni nani aliyemfundisha. Hatukuwa na jibu.

Kisha akaeleza ya kwake, nasi twayaandika kama alivyoyasema kwa jumla, bila kumtaja jina. Mama yake, mtu wa Buyenzi, hakukanyaga fuaye hata siku moja, kwa kuwa sindano aliijua kwa shangazi yake, na kuingiliwa chumbani na mgeni wa kumkagulia kitanda alikuona ni kukosewa adabu. Yeye mwenyewe, akiwa msichana, alikwenda. Alikwenda kwa sababu kulikuwa na cherehani, na hakuna mahali pengine mjini ambapo msichana asiye na fedha angeruhusiwa kuikalia cherehani. Mapazia hakuyajali. Alijifunza kukata kola, akaacha kwenda, akaanza kushona sare za watoto wa shule, na kwa kazi hiyo akawalea watoto wake mume alipofariki. Akatuambia: Mwalimu, wao walikuwa na shauri lao na sisi tulikuwa na letu, wewe umetusomea la kwao tu. Akaketi, akaomba apewe chumvi.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulitambua kosa letu, nalo ni la kikazi. Karatasi za fuaye ziliandikwa na wakufunzi, na wakufunzi waliandika walichokusudia kufundisha. Waliojifunza hawakuandika. Anayesoma nia ya mwalimu na kudhani amesoma alichojifunza mwanafunzi amesahau darasa lake mwenyewe, ambamo kila siku mwanafunzi huondoka na kitu ambacho hatukukipanga. Lakini pia hatukubali moja kwa moja kwamba hesabu imelingana. Bibi yule alipata cherehani. Hakupata Astrida. Kaka zake waliosoma huko walikuja kuwa wakubwa wa serikali, na yeye, mwenye akili tuliyoiona wenyewe, akabaki kuwashonea watoto wa wakubwa hao sare. Tulimwambia hivyo asubuhi yake. Akakubali kwa kichwa, hakuongeza neno.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 mafunzo ya namna hiyo hayakukoma. Kushona kuliendelea kufundishwa wanawake, mijini na vilimani, kwa majina tofauti. Ukweli ni kwamba wengi wa wafadhili waliokuja miaka ya baadaye, wakiwa na miradi ya wajane na ya wakimbizi waliorejea, walileta tena cherehani na darizi, kana kwamba wameligundua jambo jipya. Na cherehani zenyewe zimepata adui ambaye Wabelgiji hawakumjua, yaani mitumba. Katika Rwanda na maeneo haya huitwa caguwa, nalo si neno jingine bali chagua la Kiswahili, kwa kuwa mnunuzi hualikwa apekue rundo na kujichagulia. Fundi hawezi kushona shati kwa bei ya shati lililovaliwa Ulaya. Halafu likaja pigo la tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea. Majora ya vitambaa yakawa majivu, na mafundi waliofanya kazi humo wakapoteza mashine na riziki kwa siku moja. Wawili kati ya walimu wetu wa meza walikuwa na nafasi zao pale. Mmoja alirudia kazi kwa cherehani ya kuazima. Mwingine hakuirudia hata leo, hufundisha tu.

Siku ya nne ilikuwa ya kumaliza. Tulipitia daftari pamoja na wenzetu wa meza ili tuhakikishe maana. Bandi ni mshono mrefu wa kushikiza kwa muda, ambao hutolewa kazi ikiisha. Subana, ambayo wengine huiita kastabini, ni kifuniko cha kidole cha kusukumia sindano. Kiraka kila mtu anakijua, lakini si kila mtu ajuaye kwamba kiraka kizuri hukatwa kwa kufuata uelekeo wa nyuzi za nguo kuukuu, la sivyo hujikunja baada ya kufuliwa. Taraza, ule ukingo wa hariri unaotiwa kilembani, hakuna aliyelijua isipokuwa bibi yule, aliyesema alilisikia kwa mama yake. Tulilipigia mstari mara mbili. Tangu Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 Kiswahili kimepewa nafasi zaidi shuleni, na vitabu vya kukifundishia vingi hutoka nje ya nchi. Hatuna ugomvi na vitabu hivyo. Twasema tu kwamba mtoto wa Musaga anayefundishwa neno pindo kana kwamba ni geni, hali nyanya yake hulisema kila Jumamosi, anafundishwa pia, bila mtu kukusudia, kwamba nyanya yake hana Kiswahili.

Kazi yetu wenyewe ilikuwa kitambaa cha meza chenye pindo jekundu pande nne. Pande tatu zilipita. Wa nne bibi aliutazama kwa muda, akaupitisha kati ya vidole, kisha akachomoa subana yake, akavaa miwani, na akaanza kuufumua.